Msuli wa Maree Kwenye Hadubini

Kazi yangu hapa Adelaide ni kukata nyama ya watu. Daktari anatoa kipande cha msuli pajani, kidogo kama punje ya harage. Mimi nakigandisha, nakikata vipande vyembamba kuliko karatasi, kisha navitia rangi. Wenye misuli yenyewe huwa siwaoni. Maree Tregenza ndiye aliyebisha hodi maabara, Machi iliyopita, akiwa na barua ya daktari wake ya kumruhusu aone picha ya msuli wake. Nyuma yake alisimama babake, mzee Clem, mwenye miaka sabini na tisa, aliyeendesha bucha katika mji mdogo wa Kadina kwa miaka arobaini.

Maree ana miaka arobaini na saba. Tangu utotoni hakuweza kuruka kamba, na akiinuka kutoka sakafuni ilimbidi ajisukume kwa mikono juu ya mapaja. Babake alimwita mvivu. Kumbe alizaliwa na ugonjwa wa misuli, na mwaka huo tu ndipo ulipojulikana.

Kwanza niliwaonyesha msuli wa mtu mwenye afya.

"Kama ubao wa drafti," alisema Clem, jicho likiwa kwenye hadubini.

"Ndiyo, mzee. Nyuzi nyeusi ni za mwendo wa polepole, hazichoki upesi. Nyeupe ni za kasi. Hizo ndizo zinazokurusha juu na kukupandisha ngazi mbiombio."

"Paja la kuku na kidari."

"Ndivyo hasa."

"Kuku anashinda amesimama, paja lake jeusi. Kidari anakitumia akishtuka tu, ndiyo maana cheupe. Sasa bata mwitu, yule wa safari ndefu, kidari chake..."

"Baba, mwache mwenye kazi yake," alisema Maree, lakini alikuwa anacheka.

Nikaweka picha ya Maree. Clem akainama tena.

"Nyeupe ziko wapi?"

"Ni chache sana. Na hizo nyeusi, ukitazama vizuri, nyingi hazikunenepa."

Alipoinua kichwa, alimgeukia binti yake.

"Nilikuwa nakuita mvivu."

"Mbele ya wateja."

"Mbele ya wateja. Hata Bi Opie alikuwepo, akinunua nyama." Akaketi kwenye stuli. "Nilikosea, mwanangu. Miaka yote hiyo."

Maree alimwekea mkono begani. "Hukuwa na hadubini, baba. Lakini macho ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo," alisema Clem, wala hakujitetea.

Kisha akaniuliza kama picha ile inasema nguvu za binti yake zitafika wapi. Nilimwambia ukweli kwamba haisemi. Nimewahi kukata misuli miwili iliyofanana kabisa na huo wa Maree; mmoja ulikuwa wa mtu wa kiti cha magurudumu, mwingine wa mtu anayekwenda kazini kwa miguu. Rangi inaonyesha aina ya nyuzi. Nguvu inataka pia unene wa nyuzi hizo, wingi wake, na namna mtu anavyozitumia.

"Basi tuzitumie," alisema Maree.

Daktari alimwagiza Maree atembee ndani ya maji, na babake akasema atatembea naye. Siku hizi kila Jumatano Clem anaendesha gari kutoka Kadina, mwendo wa karibu saa mbili, hadi bwawa la kuogelea lililo karibu na nyumba ya Maree. Mwezi uliopita walinialika. Mzee alivaa kaptula ya zamani sana, akalalamikia maji ya baridi, akalalamikia dawa ya bwawa, na hakutoka.

Walikuwa wakienda upande mmoja na kurudi, polepole. Kwenye mzunguko wa tano Clem alianza kuhema.

"Ningoje kidogo, Maree."

"Pumzika hapo ukingoni, baba. Nitakupitia nikirudi."

Akaendelea, maji yakimfika kifuani, na babake akashika ukingo, akimtazama mpaka alipogeuka upande wa pili.