Kamati ya Wenye Vichaka vya Chai

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Amolo, na hakubishana na mtu juu ya hilo. Wengine huchimbiwa shimo na adui. Yeye alilichimba mwenyewe, akalifagia, kisha akaalika watu waje wachekee ukingoni.

Shimo lenyewe lilikuwa kamati ya usalama na afya ya kiwanda. Sheria inataka kila mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati, nusu watu wa meneja, nusu watu waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Siku ya kuchagua, nyuma ya stoo, Amolo alipanda juu ya kreti akahubiri.

"Jamani, msinichague mimi mtu wa ziwa peke yangu! Meneja akinikunjia uso, kesho niko Ahero navua kambare. Chagueni wenye vichaka vya chai! Wakulima ndio wenye hisa, kiwanda ni chao. Mwenye mali atafukuzwa aende wapi?"

Watu walicheka mpaka chai ikawatokea puani. Wakamchagua yeye kwa ajili ya mdomo wake, na wenzake wote wakawa wenye vichaka.

Kisha mvua ikaja. Ilinyesha Belgut nzima, majani yakafurika, lori zikapanga foleni kutoka lango la kiwanda kuelekea Sosiot. Mashine ya kusaga majani ina meno, na meno yana kinga ya chuma. Majani yakizidi, kinga inanasa, mashine inakabwa, inabidi isimamishwe isafishwe. Basi asubuhi hiyo kinga ikafunguliwa, ikaegemezwa ukutani, na wanawake wa shifti wakaambiwa wasukume majani kwa mikono. "Polepole tu," waliambiwa.

Aliyesimama karibu kabisa na meno alikuwa Janeffer, mke wa Amolo, ambaye kiwandani wengi humwita Mama Zack.

Amolo alimwambia atoke. Janeffer akamjibu kwamba yeye ni kibarua, na msimamizi ameshasema atakayetoka asirudi. "Wewe si ndiye kamati?" alimwambia. "Nenda ukawe kamati."

Ndipo Amolo akaitisha kikao. Walikaa kwenye chumba kilichopakana na mashine, ukuta ukitetemeka, vikombe vikigongana juu ya meza. Mwenyekiti alikuwa Mageto, meneja wa uzalishaji, mtu mpole ambaye upole wake haukuwahi kumsaidia mtu.

"Bwana mwenyekiti, sheria inasema mtu akiripoti hatari kubwa, asirudishwe pale mpaka irekebishwe," Amolo alisema. "Mimi naripoti. Mashine izimwe, kinga irudi."

"Ndiyo maana tumekaa," Mageto akasema. "Tunajadili."

"Tunajadili nini na meno yanazunguka?"

"Amolo, polepole," akasema Kiplimo, mjumbe wa wafanyakazi kutoka sehemu ya kunyausha majani. "Mashine ikisimama, hiyo majani yote huko nje itashika joto iungue. Majani ya mamangu iko kwa lori ya pili. Amechuma akinyeshewa."

"Kiplimo, wewe ulichaguliwa na wafanyakazi!"

"Na bonasi ya wakulima ikianguka, hao wafanyakazi watamlisha mamangu?"

Amolo akamgeukia Rodah, mama mtu mzima, mjumbe mwenzao, anayesali kanisa moja na Janeffer. "Mama, wewe sema. Wewe unamjua Mama Zack."

Rodah akaangalia vidole vyake. "Yangu pia iko kwa lori, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Labda tungoje hizi lori ziishe."

"Wanaotaka mashine isimame, wainue mikono," akasema Mageto.

Mkono uliopanda ulikuwa mmoja. Amolo aliutazama huko juu, mkono wake mwenyewe, umesimama kama mlingoti usio na bendera. Wenye vichaka aliowapigia debe walikuwa wametulia, kila mtu moyo wake uko langoni, ndani ya lori.

Akasukuma kiti nyuma, akapiga magoti kwenye saruji.

"Nawaomba," alisema. "Nawaomba kwa jina la Mungu."

Kiplimo akaangua kicheko. "Huyu naye! Ona vile amejua kukunja uso!" Na wengine wakatabasamu, maana mtu aliyewachekesha miaka yote, leo akilia, watu hungoja tu mwisho wa mzaha. Amolo alifungua mdomo aseme huu si mzaha. Machozi yakamtangulia, nao wakazidi kucheka.

Hapo mashine ikanyamaza.

Ilinyamaza ghafla, vikombe vikatulia mezani. Upande wa pili wa ukuta mwanamke mmoja akapiga ukelele. Hakuna aliyecheka tena. Amolo hakungoja kuinuka. Alitambaa kuelekea mlangoni, akishika miguu ya viti, akiita, "Mama Zack! Mama Zack!"

Mlango ukafunguliwa.

Janeffer alisimama pale, kijani cha majani kimempaka mpaka kope. Mkono wa kushoto wa ovaroli yake haukuwapo. Ulikuwa umechanika kuanzia begani, na ngozi ya chini ilikuwa na mchubuko mwekundu hadi kwenye kifundo. Vidole vyote alikuwa navyo. Alivitikisa mbele yao, kimoja kimoja, kama anayehakikisha.

"Nani amezima?" akauliza Mageto.

"Mimi. Imevuta nguo, ikachanika. Kwa mkono uliobaki nikapiga swichi."

Amolo alimkumbatia miguu pale chini.

"Mungu ni mkubwa," akasema Kiplimo, akipangusa jasho. Kisha akachungulia dirishani, kule kwenye lori. "Lakini Mama Zack, si umepona? Mwambie mtu awashe basi. Hiyo majani ya mamangu inaharibika."

Janeffer akamsogelea, akamwekea ule mkono uchi mezani, mbele ya kikombe chake.

"Kiplimo, wewe ni mkulima. Chai ikichumwa, inachipuka. Huu ungechipuka lini?"