Walibisha Hodi Columbus

Rwema aliacha shule darasa la tatu, na mashairi aliyoyajua yalikuwa ya kusifia ng'ombe. Isaro, binti yake wa miaka kumi na saba, alipomwambia kwamba mwalimu amewataka wanafunzi wamsomee mzazi shairi la kale la Uchina na kuandika atakachosema, Rwema alicheka.

“Mimi na Mchina tunajuana wapi?”

Isaro akamgeuzia shairi kwa Kiswahili, akikwamakwama. Mtu amefukuzwa kwao na vita. Mji wa kwanza anafungua mizigo yote. Mji wa pili anafungua nusu. Mji wa tatu analala na viatu, kichwa juu ya mzigo, na hakuna ajuaye alipo ili amletee habari za ndugu zake.

“Rudia hapo.”

Akarudia. Rwema akahesabu miji yake ya Marekani: Louisville, Columbus, sasa Buffalo, miaka mitatu tu. Alipotoka Columbus hakumuaga mtu. Kaka yake Nyarugabo, aliyebaki Louisville, alishamcheka alipohama mara ya kwanza: wewe ukisikia mji una baridi zaidi ndio unaukimbilia.

Mwezi wa tisa wazee wa kanisa la Louisville walimpigia simu kumuuliza yuko wapi. Akaona aibu kwamba amehama tena. Akawaambia yuko Columbus. Kwao habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Watu huja, mtu akakalishwa, ndipo akaambiwa. Wazee wawili wakaendesha gari mpaka Columbus, wakabisha hodi, wakafunguliwa na Wanepali waliohamia hapo. Wakampigia wakiwa palepale mlangoni. Hakupokea. Nyarugabo akazikwa bila ndugu yake.

Nyumbani, habari ilipowafikia baada ya maziko, Rwema alisema wazee wamewadharau, hawakuwaambia kitu. Mkewe, Mukabutera, hapokei simu zao mpaka leo. Kwenye maombi huwataja kwa majina, na si kwa kuwabariki.

“Papa, niandike nini? Unamuonea huruma?”

“Nimuonee ya nini? Aliyetunga anajua kazi yake, hapo kwenye viatu amenipata. Lakini huyo mtu hakuna aliyemuuliza alipo. Mimi niliulizwa, nikadanganya.”

Akamweleza yote. Isaro aliacha kuandika.

“Donc, kumbe wazee walikuja.”

“Walikuja.”

“Na Mama anawachukia bure.”

Rwema alingoja Isaro aseme kwamba hatamwambia mama yake. Hakusema. Alikuwa anamtazama baba yake kama anayesoma kwenye shati lake jina la mtu mwingine.

Rwema akamwita Mukabutera kutoka jikoni, akamsogezea kiti.

“Kaa kwanza.”

Mukabutera alikitazama kile kiti, kisha akamtazama mumewe. Hakukaa.

“Nani amekufa?”

“Hakuna. Bon, ni habari ya Nyarugabo.”

“Huyo tulishamlia.”

Akabaki amesimama, mwiko mkononi, na Rwema ikabidi amwambie hivyohivyo.