Miksa Iliyoukataa Mwaka Huu

Mama Risasi hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Jina lilitokana na ule waya laini unaoyeyushwa kuunganishia nyaya, ambao mafundi wanauita risasi, na ambao ulikuwa umemchoma vidole kwa miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kufufua miksa za dijitali, zile meza pana za kuchanganyia sauti ambazo viwanda vyake vilishaacha kuzitengeneza na hata vipuri havipatikani. Alizipasua, akatoa ubongo uliokufa, akaacha vilivyo vizima, yaani vishikio vya kupandisha na kushusha sauti, taa na matundu ya maikrofoni, kisha akapachika kadi mpya ili meza iongee na kompyuta za siku hizi. Wenye studio walizipenda. Mteja akiingia akakuta kompyuta ndogo peke yake juu ya stuli, anadhani amekuja kuandikiwa barua.

Ndivyo alivyolalamika shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyefungua studio kwenye chumba kilichokuwa cha dobi.

"Shemeji, nataka meza," alimwambia. "Nataka mtu akiingia aogope kidogo."

Mama Risasi akampatia ya kuogopesha. Ilitoka kituo cha redio kilichoitupa. Urefu wake kama kitanda cha watu wawili, vishikio arobaini na nane, kila kimoja na mota yake ya kukisogeza. Haikupita mlangoni. Wakavunja ukuta wa uani, wakaiingiza, wakaujenga ukuta upya na kuupaka rangi. Ndipo ilipowashwa, ikaandika kwenye kioo chake: TAREHE SI SAHIHI. Vishikio vyote vikashuka kwa pamoja, tap, kama wanafunzi waliosikia viatu vya mwalimu.

Alihangaika nayo siku tatu. Alibadilisha ubongo, mota zikagoma. Alibadilisha upande wa umeme, zikagoma. Mwishowe akagundua kwamba mota zilikuwa na kadi yao ndogo, imefichwa ndani kama kokwa, na kadi hiyo haikuamini kwamba mwaka huu upo. Walioitengeneza waliiwekea kalenda yenye mwisho, maana hawakudhani kuna mtu atakuwa bado anaing'ang'ania.

"Sasa tufanyeje?" shemeji aliuliza.

"Tuirudishe nyuma. Miaka ishirini na nane kamili, ili siku ziangukie palepale. Jumanne ibaki Jumanne."

Akairudisha. Meza ikawaka yote, vishikio vikapanda na kushuka kwa furaha. Ilibaki kasoro moja tu: kompyuta ya studio ilisoma saa kutoka kwenye meza, kwa hiyo kila wimbo uliorekodiwa humo uliandikwa tarehe ya miaka ishirini na nane iliyopita.

"Nani anaangalia tarehe?" alisema shemeji.

Wa kwanza kurekodi alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu aliyeitwa Chiriku, kwa sababu tangu ajifunze kusema hakuwahi kunyamaza. Aliimba "Rudisha Bakuli", wimbo unaomsuta jirani anayeazima bakuli na kurudisha mfuniko. Kumbe kila mtu alikuwa na jirani wa namna hiyo. Miezi miwili haikwisha, wimbo ukawa kwenye simu, madukani, na kwa madereva wa malori.

Ndipo alipojitokeza Mfalme wa Machozi. Huyu alikuwa mwimbaji wa siku nyingi, mtu mnene anayetembea na leso mbili, moja ya jasho na moja ya kazi. Alidai Chiriku ameiba sauti ya wimbo wake wa miaka kumi na mmoja iliyopita, "Mto Umelowa". Akapeleka malalamiko kwenye ofisi ya usajili wa nyimbo, na wote wakaitwa.

Ofisa wa usajili alikuwa mtu wa tai na kalamu tatu mfukoni. Aliomba faili halisi la Chiriku, akalichomeka kwenye kompyuta, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Mfalme, wimbo wako una miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja, na kila mwaka nimeulilia."

"Huu una ishirini na nane." Ofisa akafunga jalada. "Kwa hiyo mwizi ni wewe."

Mfalme alitoa leso zote mbili, hajui aanze na ipi. Chiriku, aliyekuwa analia tangu asubuhi, akanyamaza kwa mshangao.

"Lakini mimi nina miaka ishirini na tatu," akasema, na hapohapo akatamani kujipiga kofi.

"Binti, fomu inauliza tarehe ya wimbo. Haina mahali pa kuuliza kama mwimbaji alikuwa ameshazaliwa."

Mama Risasi alikuwa amekuja kama shahidi. Angeweza kukaa kimya, kwani mambo yalikuwa yanamwendea vizuri Chiriku. Lakini hakulelewa hivyo. Akasimama, akaeleza yote: kalenda, mota, kadi iliyofichwa kama kokwa. Ofisa alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mama. Ila maneno ya mdomo hayafuti maandishi ya mashine. Mashine yenyewe ikaguliwe. Ileteni."

"Haipiti mlangoni."

"Iliingiaje?"

"Tulivunja ukuta."

"Basi vunjeni tena."

"Ukuta una rangi," shemeji akasema, kwa uchungu wa kweli.

Ikakubaliwa kwamba ofisa atakwenda mwenyewe. Ijumaa saa nne asubuhi akafika studio na fomu zake. Mfalme alikuja na mto wa kukalia, Chiriku alikuja na mama yake mdogo wa kumshika mkono. Ofisa akaizunguka meza mara mbili, akaigonga kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akasoma kanuni kwa sauti: ripoti ya ukaguzi iandikwe mbele ya mashine, na tarehe yake iwe ileile ya mashine. Akanakili tarehe iliyokuwa kwenye kioo. Alipofika kwenye saini, kalamu ikasimama. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Siwezi," alisema. "Mimi niliajiriwa miaka kumi na tisa iliyopita. Kwa tarehe hii bado niko shule. Nikitia saini nitakuwa nimeghushi."

"Toka nje, usaini huko," Chiriku akamshauri.

"Huko nje hakuna mashine."

Ofisa akafikiri, akapiga simu kwa bosi wake wa zamani, mzee aliyestaafu miaka minane iliyopita lakini ambaye, kwa tarehe ya meza, alikuwa kazini tena mwenye cheo. Mstaafu akasema msiguse kitu, ninakuja.

Wakakaa kumsubiri. Mama Risasi alikuwa ameegemea meza, macho kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza akaisoma tarehe ile kama mtu, si kama fundi. Ijumaa ile alikuwa na miaka miwili ya ndoa.

"Shemeji," akaita polepole. "Kaka yako leo yuko wapi?"

Shemeji hakuuliza kaka yupi. Alitazama kioo, akakuna kidevu.

"Ijumaa? Atakuwa juu ya paa la mtu anafunga antena. Na ngazi atakuwa ameisahau nyumbani."

"Aliisahau kweli," Mama Risasi akasema. "Alikuwa akifika kwa mteja ndipo anaagiza nimpelekee."

Wakacheka wote wawili. Kisha shemeji akainama kukaza waya ambao haukuwa umelegea, na Mama Risasi akatafuta kitambaa akafuta vumbi kwenye kishikio cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha arobaini na nane.

Mstaafu aliingia amevaa suti iliyokuwa imembana kwapani. Mkononi alikuwa na muhuri ambao, kwa miaka minane, alikuwa amesahau kuurudisha ofisini. Alisoma tarehe, akajinyoosha, na mgongo uliokuwa umepinda mlangoni ukawa haujapinda. Akamtazama ofisa.

"Kijana, leo ni siku ya masomo. Kwa nini hujaenda darasani?"

Ofisa akasimama haraka. "Shikamoo."

"Marahaba. Kaa pale pembeni." Mstaafu akageukia fomu. "Nani mlalamikaji?"

"Mimi," alisema Mfalme.

"Wimbo wako uliimbwa lini?"

"Miaka kumi na mmoja iliyo..."

"Yaani miaka kumi na saba ijayo. Malalamiko ya kitu ambacho bado hakijatokea hayapokelewi. Rudi wakati huo."

"Miaka kumi na saba!" Mfalme akalia, na safari hii alichagua leso ya kazi. "Nitakuwa hai?"

"Utakuwa. Si uko hapa?" Akamgeukia Chiriku. "Na wewe?"

"Mimi nimeshtakiwa tu, babu."

"Wewe nenda ukazaliwe kwanza."

Mama mdogo wa Chiriku akaanza kupiga kelele kwamba mtoto wao alizaliwa na cheti kipo nyumbani. Ofisa akasema cheti hicho kwa tarehe ya leo ni batili. Shemeji akasema yeye anachotaka ni ukuta wake usiguswe. Wote wakawa wanaongea kwa pamoja, na vishikio vya meza, kwa vile maikrofoni zilikuwa wazi, vikawa vinapanda na kushuka kufuatana na anayepayuka zaidi.

Mama Risasi akapiga kofi moja juu ya meza.

"Samahani, jamani. Naomba kuuliza. Kuna mtu humu ndani aliyezisikiliza hizi nyimbo mbili?"

Ofisa alisema fomu haikumtaka asikilize. Mfalme alisema yeye aliambiwa na mpwa wake. Chiriku alikiri kwamba "Mto Umelowa" hajawahi kuusikia, kwa sababu nyimbo za kulia zinampa usingizi.

"Basi kaeni," alisema Mama Risasi.

Akaupiga wa Mfalme mwanzo hadi mwisho, kisha akaupiga wa Chiriku. Zilifanana kama kufuli na papai. Mmoja ulijikokota, mwingine ulirukaruka. Mmoja ulizungumzia mke aliyeondoka, mwingine bakuli ambalo halikurudi. Katikati ya kila mmoja kulikuwa na "ooo" ndefu, basi.

"Ooo," alisema Mfalme taratibu. "Mpwa wangu atakuwa amesikia hiyo."

"Ooo ni ya watu wote," mstaafu akaamua, na muhuri ukashuka kwenye karatasi kwa kishindo kilichopandisha vishikio sita.

Mfalme aliomba radhi. Alimshika Chiriku mkono, akamwambia kwamba wimbo wa bakuli umemgusa, maana ana mabakuli matatu ya dada yake. Halafu akauliza, kwa aibu kidogo, kama anaweza kuimba ubeti mmoja humo ndani, maana kwa saa ya chumba kile alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja. Wakamwachia maikrofoni. Sauti ilikwaruza vilevile, lakini yeye aliapa kwamba amesikia tofauti, akaweka miadi ya albamu nzima.

Wiki iliyofuata Mama Risasi alitengeneza kadi ndogo, ukubwa wa kucha mbili, ya kuipa meza tarehe inayoitaka na kompyuta tarehe ya kweli. Jumatatu asubuhi akaenda kuifunga. Kwenye ujia wa studio alimkuta mstaafu ameketi nyuma ya meza ya kupigia pasi iliyoachwa na dobi, amevaa ileile suti, majalada yamepangwa, muhuri mkononi. Mbele yake alikuwa amesimama binti yake, mwanamke wa miaka thelathini na minane, funguo za gari zikining'inia kidoleni.

"Baba, twende nyumbani. Ulistaafu."

"Mwanangu, wewe uko darasa la nne. Mambo ya kazi huyajui."

Binti akamtazama Mama Risasi kama mtu anayeomba msaada wa kuinua gunia. Mama Risasi akaingia ndani, akafungua mfuniko wa meza, akapasha moto chuma chake kidogo cha kuyeyushia risasi na kufunga ile kadi kwa dakika ishirini. Kompyuta ikarudi mwaka huu bila kelele. Mafaili yote yakasahihishwa, la Chiriku likiwa la kwanza. Alipotoka, mstaafu akamuuliza bila kuinua kichwa:

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza, mzee. Kompyuta sasa iko sawa."

"Na meza?"

Mama Risasi hakupenda kudanganya. "Meza bado iko kulekule."

"Basi mimi nafuata meza."

Binti akashusha pumzi. Alimtazama baba yake akinyoosha karatasi kwa viganja, mgongo wima, tai imekaa katikati kabisa, kama alivyokuwa akimwona asubuhi akitoka nyumbani enzi zile. Akaweka funguo kwenye mkoba, akavuta stuli, akaketi kando ya ukuta.

"Mnafunga saa ngapi, baba?"

"Saa tisa na nusu," mstaafu akajibu. "Na uongee polepole, ofisi ina watu."