Ruhusa ya Mheshimiwa

Mkate uliolowekwa kwenye maziwa aliunusa, akaulamba mara moja kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumvunjia mwenyeji heshima, kisha akarudisha kidevu sakafuni. Mama Pasi alikuwa amechuchumaa mbele yake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, maana gari la wafanyakazi halikuwa na desturi ya kumsubiri mtu.

"Kula kidogo basi, Mheshimiwa. Kwa ajili yangu tu."

Mbwa alipiga mkia chini mara moja. Zaidi ya hapo hakuweza.

Jina hilo alipewa na marehemu mume wa Mama Pasi, aliyemleta nyumbani angali mtoto, kichwa kikichungulia kwenye mfuko wa koti la kazi. "Mtazameni," alisema, "anakula, analala, akiamka anataka ashangiliwe. Huyu ni mheshimiwa." Ua mzima ukacheka na jina likaganda. Lakini mume huyohuyo ndiye aliyemfundisha kazi. Ukitoka ukamwambia "Linda," alijinyoosha kizingitini na hapo hatoki, inyeshe mvua, yapite majike. Ukirudi ukamwambia "Haya, basi," aliinuka, akajikung'uta, akaenda kunywa maji. Mume alipofariki amri zile mbili zikabaki kwa mke. Asubuhi linda, jioni haya basi, miaka nenda miaka rudi.

Sasa uzee ulikuwa umemkalia. Jicho moja lilikuwa limetanda ukungu, miguu ya nyuma imegoma, na usiku alilia kwa sauti nyembamba ambayo Mama Pasi hakuwahi kuisikia kwake. Hata mifupa ya kumbembeleza nayo haikupatikana. Muuza nyama aliyekuwa akimtupia bure sasa aliipanga mafungu mezani, maana watu nao walikuwa wanaigombania. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa. Iliyobaki ni sindano ya kumpumzisha. Angepita mtaa huo leo asubuhi, na baada ya leo ni mpaka mwezi ujao. Kumwacha Mheshimiwa aungojee mwezi ujao kungekuwa ukatili.

Kwa hiyo jana Mama Pasi aliomba ruhusa. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashati katika kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli, na msimamizi wao walimwita Bwana Saa, kwa sababu saa yake ilijua watu wanapochelewa kuingia, lakini wanapochelewa kutoka ilikuwa haioni.

"Ruhusa ya nini?" aliuliza Bwana Saa.

"Nina mbwa mzee, bosi. Kesho anachomwa sindano ya mwisho. Naomba asubuhi tu, jioni nitafidia."

"Mbwa?"

"Ndiyo, mbwa."

"Mama, hapa kuna ruhusa ya kuugua na ruhusa ya msiba. Ya mbwa mimi sijaiona."

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Hawasemi kwamba msimamizi naye atampenda. Kiduchu, binti mfupi aliyekunja mashuka meza ya pili, alimsubiri mlangoni na lawama zake tayari.

"Na wewe dada, umesema mbwa? Si ungesema umefiwa! Shangazi, mjomba, yeyote yule. Mimi bibi yangu nimeshamzika mara tatu na bado analima."

"Nina mwana mmoja tu duniani, na yuko mbali. Mdomo huumba, Kiduchu. Nimtaje nani afe?"

Ndiyo maana asubuhi hii alikuwa anavaa viatu. Usiku kucha alikuwa amejipangia maneno ya kumuaga. Angemshukuru. Angemwomba msamaha kwa ile siku aliyompiga na mwiko kwa kosa la paka. Angemwambia kwamba baada ya msiba wa mumewe, asingekuwa yeye wa kukokota sufuria kutaka chakula, kuna siku asingeinuka kitandani. Maneno yalikuwapo, tena mazuri. Lakini honi ikalia barabarani, mara mbili, na Fundi, mzee wa chumba cha jirani aliyeshona sare za shule barazani, akatokea na kigoda chake.

"Nenda, mwanangu. Nitakaa naye mimi."

Mama Pasi akamwekea Mheshimiwa mkono kichwani, akaushika mlango, na mdomo ukasema ulichozoea.

"Linda. Nakuja."

Akatoka mbio.

Alikuwa kwenye kola ya shati la tano au la sita, mvuke ukimpiga usoni, ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa amempa kazi. Mnyama hawezi kusimama, na yeye amempa zamu ya mlangoni, halafu amempelekea daktari. Aliisimamisha pasi, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bwana Saa, ambako simu za wafanyakazi zilifungiwa kwenye droo mpaka jioni.

"Bosi, naomba simu yangu. Dakika moja tu."

"Kuna nini?"

"Nataka kuzungumza na nyumbani."

"Nyumbani kuna nani? Si juzi umesema unaishi peke yako?"

Angeweza kusema ni Fundi tu, akaishia hapo. Angeweza kusema lolote. Lakini alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka husema kilicho mdomoni. "Yupo mzee wa jirani, amwekee mbwa simu sikioni. Kuna neno sijamwambia."

Bwana Saa akageukia ukumbi. "Jamani, sikieni. Mama Pasi anataka kumpigia simu mbwa!"

Kicheko kilianzia kwenye mashine za kukausha kikafika mpaka meza za kukunjia. Wengi hawakuwa na ubaya; siku ilikuwa ndefu na kicheko hakilipiwi. Kiduchu peke yake ndiye hakucheka. Mama Pasi alirudi kwenye pasi yake. Alinyoosha kola, mabega, mikono, vifungo, akatundika. Kola, mabega, mikono, vifungo, akatundika. Machozi yakidondoka kwenye shati, pasi iliyakausha, na kazi ikawa safi kuliko siku zote.

Jioni alimkuta Fundi amesimama uani, kofia mkononi. Mheshimiwa alikuwa amelala kizingitini, kidevu juu ya jiwe, uso umeelekea barabara. Ungedhani anamsubiri.

"Daktari alikuja?"

"Alikuja. Lakini kaa kwanza."

"Niambie nikiwa nimesimama, Fundi."

Mzee akakohoa. "Ulipoondoka tu, alijiburura. Kutoka pale kwenye gunia lake mpaka hapa. Sijui nguvu alizitoa wapi. Nilimbeba nikamrudisha kwenye gunia, akajiburura tena. Daktari alipofika, akamngurumia. Mwaka mzima sijamsikia akinguruma. Nikamwambia 'haya basi, haya basi, Mheshimiwa', hata sijui mara ngapi. Alinitazama tu. Mimi si wewe, mwanangu." Aliigeuza kofia. "Mwisho daktari akapiga magoti hapohapo kizingitini. Akasema mwacheni, yuko kazini."

Mama Pasi akapiga magoti. Manyoya yalikuwa bado laini nyuma ya masikio, palepale alipopenda kukunwa. Mwili ulikuwa umeshapoa. Aliinama mpaka mdomo ukagusa sikio, akasema lile neno alilolibeba kutwa.

"Haya, basi. Nimefika. Haya, basi."

Kisha akalia, na hakujali ua mzima ukimsikia.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa kifo. Kifo alikuwa amekubaliana nacho, tena ndiye aliyekiita. Kilichomuuma ni kwamba kutwa nzima alikuwa amemlaani Bwana Saa kimoyomoyo kwa kumnyima ruhusa, na kumbe yeye naye alikuwa na wake aliyemwacha zamuni bila kumpa ruhusa ya kupumzika. Mheshimiwa amekufa akiwa kazini, kwa amri ya mtu aliyempenda kuliko wote.

Fundi alikuwa ameshachimba, nyuma ya bafu, kipande pekee cha ua ambacho mwenye nyumba hakuwahi kukisakafia. Mama Pasi alifungua sanduku, akatoa koti la kazi la marehemu. Mbwa aliyekuja kwenye mfuko wake aliondoka amefunikwa nalo, na miguu bado ilibaki nje.

Asubuhi ya pili alivaa viatu vyote viwili, akaushika mlango, akafungua mdomo. Hakukuwa na wa kuambiwa. Akaketi kizingitini. Honi ikalia mara mbili, mara tatu, kisha Kiduchu akaja mbio akihema.

"Dada, gari linaondoka!"

"Nendeni. Mwambie Bwana Saa nimefiwa."

"Hee! Na nani?"

"Nimefiwa, Kiduchu. Mwambie hivyohivyo. Wala si uongo."

Kiduchu akalitazama gunia tupu pale ndani, akaelewa, akaondoka bila kuuliza tena.

Jioni alipitia pale, sare ya kazi bado mwilini, mkononi kifurushi cha sukari na majani ya chai.

"Nimemwambia. Hata hakuuliza ni nani. Amesema pole sana, msiba ni msiba." Akashusha sauti. "Amekupa siku tatu, dada. Siku tatu nzima, na mshahara haukatwi. Amesema ndiyo utaratibu."

"Siku tatu."

"Ndiyo."

Mama Pasi aliyatazama mawe ya kizingiti, yaliyosuguliwa na kidevu kilekile mpaka yakang'aa. Kiduchu akavua viatu, akaketi karibu naye.

"Mimi nilimwomba asubuhi moja," alisema Mama Pasi. "Mheshimiwa akiwa bado yupo."