Mota Iliyosemekana Imeungua

Jumanne saa tatu asubuhi, Mzee Peniel aliiweka mota juu ya gunia tupu la alizeti barazani kwake Misigiri, akaizungusha shafti kwa kidole kimoja. Ilizunguka laini, bila kukwaruza. Beringi nzima. Akainama, akainusa.

"Hiyo ni mara ya nne unainusa," alisema mkewe Asnath, akichambua mlenda. "Mimi hujaninusa hivyo tangu tuoane."

"Mota iliyoungua hainyamazi, mama Deo. Inanuka kuungua mpaka kiama. Hii inanuka mtama."

Ilikuwa mota ya mashine ya kusaga ya kijiji, ile ambayo wanawake waliinunua kwa kuuza kuku wao. Peniel ndiye alikuwa mwendeshaji. Siku hizo Jumanne ilikuwa sikukuu isiyo na mchungaji wala shehe. Wanawake walipanga madebe mstarini, na debe likishapangwa mwenyewe yuko huru kwenda kuchota maji au kusengenya, maana debe lako ndilo wewe, na hakuna aliyeruka debe la mwenzake. Mlio wa mashine ulifika mpaka mbugani. Wenye ng'ombe walijua saa kwa mlio huo. Unga ulitoka wa moto, na watoto waliulamba viganjani kama asali.

Halafu Jumanne moja ya mwaka elfu mbili na nne, mota ikanguruma bila kuzunguka. Kabla Peniel hajashika bisibisi, mwenyekiti wa kijiji, Kefa, alikifunga chumba kwa kufuli lake, akatangaza mkutanoni kwamba mota imeungua kwa uzembe wa mwendeshaji. Ikaandikwa kitabuni. Jengo likawa ghala la alizeti za Kefa, na Peniel akawa Mchoma Mota, jina ambalo hata wajukuu zake walizaliwa wakalikuta. Miaka ishirini na moja. Wapo watu ambao kusahau ndiyo kazi yao. Peniel hakuajiriwa huko.

Mwezi uliopita aliiona mota hiyo kwenye lundo la vyuma chakavu Shelui, akaitambua kwa nati moja aliyoichonga mwenyewe, akaibadilisha kwa mbuzi.

Sasa alichukua taa ya kupimia. Koili ya kwanza, taa ikawaka. Ya pili, ikawaka. Ya tatu, kimya. Akafungua kiboksi cha waya. Chini ya tepu nyeusi, waya wa tatu ulikuwa umekatwa kwa plaizi, mkato safi, ncha zake zimekunjwa zisikutane. Akapima koili ya tatu kuanzia pale waya ulipokatwa. Taa ikawaka.

Peniel alimaliza kwanza kikombe chake cha chai. Kisha akakata kipande chenye ule mkato, akakitia mfukoni, akaziunga ncha, akaongeza kapasita kwa kuwa mota ni ya fezi tatu na nyumbani ana umeme wa fezi moja tu, akawasha.

Mota ikazunguka. Mlio ulikuwa ule ule.

Haikufika saa tano wanawake wakaanza kuingia uani, madebe kichwani, kwa mpangilio ule ule wa siku mota ilipokoma. Wa kwanza alikuwa Mama Yustina, aliyezikwa mwaka elfu mbili na tisa. Asnath alipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umezeeka, mwanangu."

"Wewe uko vilevile."

"Kule hakuna jua. Haya, zamu yangu."

Mashine yenyewe haikuwapo, ilikuwa mota peke yake. Yustina alimimina mtama kwenye matundu ya feni, na unga ukatoka upande wa shafti, wa moto. Foleni nzima ilikuwa watu thelathini na wanne: marehemu ishirini na watatu, hai kumi na mmoja.

"Mchoma Mota, ongeza mwendo!" alipaza sauti mmoja wa walio hai. "Mimi nina wajukuu wana njaa. Hawa wana haraka ya nini?"

"Debe langu lilitangulia," alijibu marehemu aliyekuwa mbele yake. Neno likaisha.

Lakini Peniel hakutaka unga. Alitaka jina lake litoke kitabuni. Alhamisi alikipeleka kipande cha waya kwa mtendaji wa kijiji, Jesca, binti mwenye adabu. Jesca alikigeuza mkononi, akakirudisha.

"Mzee wangu, neno la mkutano linafutwa na mkutano."

Mkutano ukaitwa. Foleni yote ikaja, unga mabegani, ikakaa kwa mpangilio wake. Jesca alihesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na mmoja. Akidi haijatimia."

"Na sisi?" aliuliza Yustina.

"Marehemu hawahesabiwi, mama. Samahani."

Yustina aliomba kitabu, akafunua mwaka elfu mbili na kumi na nne, mkutano uliompa Kefa lile jengo moja kwa moja. Alama ya dole gumba lake ilikuwa pale, pamoja na za wenzake kumi na wanne, wote wakiwa chini ya udongo siku hiyo.

"Hapa nilihesabiwa."

Jesca alitazama tarehe, akalitazama dole.

"Hiyo ilishapitishwa, mama," alisema kwa heshima, akafunga mkutano.

Marehemu walikung'uta kanga zao, wakaulizana Jumanne waje saa ngapi.

Wanakuja mpaka leo. Walio hai nao wameongezeka, kwa kuwa unga wa mashine nyingine haunuki kitu. Jumanne iliyopita alikuja Kefa mwenyewe, bado hai, hana meno tena, fimbo mkono huu, debe mkono huu.

"Mchoma Mota," aliita, bila ubaya, kama mtu anavyomwita mwenzake kwa jina la ubatizo. "Mimi niko nyuma ya nani?"

Peniel alitazama mstari. Ulikuwa umepita nyumba tatu na kufika barabara kuu.

"Nyuma ya yule mama wa mwisho. Tulimzika Jumamosi."

Kefa akashukuru, akajikongoja mpaka barabarani, akaliweka debe lake hapo nyuma, akakaa kusubiri.