Kinda la Hondohondo

Mwaka wa hamsini na nne matajiri wa Tanga walijenga kama waliotiwa kichaa, na kila nyumba ilitaka chokaa. Miraji wa Tongoni alikuwa mchoma chokaa. Kazi yake ilikuwa kukata magogo msituni, kuyapanga duara, kuyapakia matumbawe juu, kisha kuyatia moto mpaka mawe yawe unga. Ni kazi ya jasho na macho mekundu, lakini mwaka ule ililipa, na mtu angedhani Miraji ana furaha. Hakuwa nayo. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikaa tumboni mwa mkewe.

Asmahani alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika, moja mwezi wa tatu, nyingine wa tano. Hii ilipovuka wa sita, Miraji akaanza kutembea nyumbani mwake kama mtu aliyebeba mayai.

Kwao, mume wa mwenye mimba hachinji. Si mbuzi, si kuku. Akitia kisu, damu ile humfuata mtoto. Wako waliocheka mambo hayo, hasa wale waliokwisha kupata watoto saba. Miraji hakuwa na hata mmoja, kwa hiyo hakucheka. Idi ilipofika alimpa jogoo Kombo, mwenzake wa kazi, amchinjie, na yeye akageukia ukutani mpaka jogoo akanyamaza.

Sasa sikia alivyojiharibia.

Siku moja alikuwa peke yake msituni anakata mti, na hondohondo dume akawa anamzonga. Anatua tawi hili, anahamia lile, analia. Hondohondo wa kule hulia kama mtoto mchanga, na mtu aliyeacha mke mwenye mimba nyumbani hawezi kustahimili kilio hicho asubuhi nzima. Miraji akaokota kipande cha mti akamrushia, kumfukuza tu. Kikampata. Ndege akaanguka miguuni pake, bawa limevunjika, kifua kinapanda na kushuka, jicho linamtazama.

Mkono ukaitangulia akili. Akasema Bismillahi, akachinja.

Hakuchinja kwa uroho. Alichinja kwa huruma, kama alivyofundishwa na baba yake kwamba kiumbe hakiachwi kikateseka. Alipofuta kisu majanini ndipo alipokumbuka mwiko. Kisha akaona makuyu mawili yametoka kooni mwa yule ndege, mazima, hayajatafunwa. Akainua macho. Juu kwenye shina la mkuyu wa jirani palikuwa na pango lililozibwa kwa udongo, limeachwa ufa mwembamba, na ndani ya ufa ncha ya domo inangoja.

Wakata miti wote wanajua. Hondohondo jike hujifungia humo na mayai yake, manyoya yake ya kurukia yanapukutika, na dume ndiye mikono yake na miguu yake. Miraji alikuwa amemchinja baba anayelisha.

Alikimbia. Siku nne alikata miti upande mwingine akijiambia kwamba ndege ni ndege. Siku ya tano alirudi na shoka, akapanda, akavunja ule udongo. Jike alikuwa amekufa, mwepesi kama kifuu cha nazi. Chini yake lilikuwako kinda moja, uchi, tumbo kubwa, macho yamefumba, na lilipohisi upepo likapanua domo.

Pale pale, juu ya mti, Miraji akaweka nadhiri na nafsi yake. Huyu akiishi, mwanangu ataishi.

"Hiki nini tena?" Asmahani aliuliza alipoona kitu ndani ya kikapu.

"Nimekiokota. Yatima."

"Masikini wee! Mbaya huyu, mume wangu! Afadhali mimi nawe tukizaa mbaya hatutamzidi huyu." Akacheka mpaka akashika kiuno. Miraji hakucheka. Hakumwambia habari ya kisu, na kila siku iliyopita ikafanya kumwambia kuwe kugumu zaidi.

Akamlea yule ndege. Alimlisha papai, panzi, ndizi mbivu, alfajiri kabla ya kazi na jioni kabla ya kunawa. Usiku aliamka kumsikiliza kama anapumua. Akila vizuri, Miraji alimtazama Asmahani kwa raha; akikataa, alimwuliza mkewe kama mtoto anacheza. Bi Semeni, mkunga, ambaye ni shangazi yake Asmahani, aliliona hilo akamwambia, "Baba, mkeo ni yule mwenye tumbo. Huyu mwenye domo wamtazama zaidi."

"Nawatazama wote, shangazi," alisema Miraji, na alisema kweli, maana kwake walikuwa kitu kimoja.

Mimba ilipoingia mwezi wa tisa, ndege, manyoya yamekwisha kumvika, aligoma kula. Siku mbili alitema papai, akatema ndizi. Siku ya tatu aliinamisha shingo na macho yakafumba nusu. Miraji akaacha tanuu la chokaa mikononi mwa Kombo, akaenda mpaka kwenye mikuyu iliyo upande wa magofu ya Tongoni, akapanda mmoja baada ya mwingine. Miti haikuwa na matunda mabivu. Mchana ulikuwa umeingia alipopata makuyu sita, akayafunga kwenye pindo la shuka, akarudi mbio.

Mkeka wa Asmahani ulikuwa na damu. Ndani hamna mtu. Mastura, mke wa Kombo, akatokea uani anahema. "Ulikuwa wapi wewe? Uchungu umemshika tangu asubuhi, mtoto katanguliza mguu, Bi Semeni kasema hospitali. Wamempeleka barabarani na kitanda, gari la chokaa linamchukua mpaka Tanga. Yuakuita! Kimbia!"

Miraji aligeuka kukimbia. Akafika mlangoni, akasimama.

Kikapuni ndege hakulia. Kichwa kimelala pembeni. Miraji akawaza upesi, na usimcheke, maana aliwaza kwa mapenzi. Gari litaondoka naye. Bi Semeni yuko naye. Mwanamume ana msaada gani kwa mwenye uchungu? Lakini mguu wa mtoto umekwama, na huyu hapa anakata roho. Akarudi, akapiga magoti. Akalipasua kuyu la kwanza kwa kucha, akalisukuma kooni, akangoja. Shingo ikatikisika. La pili. La tatu akalipokea mwenyewe. La sita alipolimeza alipanua domo akalia kwa sauti ya kitoto, na Miraji akalia naye, akamshukuru Mungu.

Barabarani alikuta vumbi tu.

Alikwenda kwa miguu, mbio na mwendo, akafika hospitali ya Tanga jua limepinda. Bi Semeni alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani.

"Alikuwa mwanamume," alisema. "Kazaliwa kachoka. Kavuta pumzi mbili, tatu. Wameniambia tungewahi kidogo tu, angepona. Mkeo mzima. Ingia."

Asmahani alikuwa amelala ubavu. Hakulia. "Ulikuwa wapi?" aliuliza.

Miraji akamweleza yote: kisu, makuyu kooni, siku nne, nadhiri ya juu ya mti, na leo. Alitaka mkewe amtukane. Asmahani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kala?"

"Kala."

"Gari lilikuwa tayari," alisema Asmahani. "Dereva alitaka kuondoka. Shangazi alitaka tuondoke. Mimi ndimi niliyekataa. Nikawaambia ngojeni, mume wangu yuaja, hawezi kuniacha nende peke yangu. Wakangoja mpaka nikazimia, ndipo wakanipakia."

Miraji akanyoosha mkono kuushika wa kwake. Asmahani akauingiza mkono wake chini ya shuka, taratibu, bila hasira.

"Nenda nyumbani," akamwambia. "Jua linakuchwa na yule ndege hajala cha jioni. Kashakuzoea wewe."