Baba Mkwe Aliyeshuka Ngazi

Kwenye televisheni, mlango wa jumba lile ulijifungua wenyewe, na kamba iliyoufungua ilionekana waziwazi, nyeupe, imefungwa kitasani kama ya kuvutia mbuzi. Hata hivyo watu arobaini waliobanana katika ghala la mpunga la Mikidadi, pale Mwaya, madirisha yamezibwa kwa magunia, walipiga yowe lililoimeza sauti ya jenereta. Angetile hakupiga yowe. Aliketi mbele kabisa, mikono imekunjwa, macho makavu. Hakuja kuburudika, alikuja kuhukumu.

Kinamama wa kanisa ndio waliomtuma. Tangu masharti ya biashara yalegezwe nchini, kila kitu kilikuwa kinavuka mto Songwe, mpakani: sabuni, redio, na sasa deki ya video ya Mikidadi ambayo, kwa maneno ya watu, ilileta mapepo mchana kweupe. Jumapili angesimama kanisani atoe neno. Akisema ni uovu, hakuna Mkristo ambaye angekanyaga tena pale. Tatizo ni kwamba Mwasiti, mke wa Mikidadi, alikuwa shoga yake wa miaka ishirini. Ndiye aliyemsaidia kuuza dukani vyungu alivyofinyanga, ndiye aliyelala naye matangani alipofiwa na mumewe. Asubuhi ile alimwambia tu, "Mwenzangu, sema utakachokiona. Sitanuna." Maneno hayo yalimuuma Angetile kuliko ugomvi.

Mikidadi alisimama kando ya televisheni akitafsiri maneno ya filamu kwa msaada wa Kiingereza alichookota sokoni Karonga, ng'ambo ya mto, na kilipomwishia aliongeza ya kwake. Popo wa karatasi wakapita. Fuvu likateleza juu ya waya. Kisha mzee mwenye ndevu nyeupe akaanza kushuka ngazi, mshumaa mkononi, akimwendea bibi harusi.

"Huyu ni marehemu baba yake bwana harusi!" Mikidadi akanguruma. "Amerudi kumwona mkamwana wake!"

Hapo ndipo alipoharibu. Kwao Angetile, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona njiani huingia majarubani na matope yake, ilimradi wasikutane. Kufumba na kufumbua, wanawake wote ghalani walikuwa wamejifunika kanga na kugeukia ukutani. Hakuna aliyejiuliza mzee yule ni mkwe wa nani. Angetile alikuwa wa kwanza kujifunika.

"Ameondoka?" sauti ikauliza kutoka ndani ya kanga.

"Bado!" wanaume wakajibu, mbavu hawana. "Anamkimbiza kuzunguka meza!"

"Anamkimbiza mkamwana?" Angetile akafoka, uso ungali ukutani. "Mzee gani huyo asiye na haya? Mwambieni arudi kaburini!"

"Shemeji, hanisikii," Mikidadi akasema kwa unyonge. "Ni kanda."

Angetile alichungulia kwa jicho moja. Ndevu za mzee zilikuwa zimebanduka upande mmoja, naye huku akikimbia alikuwa akizirudisha kwa kidole gumba. Angetile alikipenda kidole kile. Mfinyanzi huzijua kazi za dole gumba. Mahali fulani duniani, watu wasio na kitu walikuwa wamefunga kamba zile na kubandika ndevu zile kwa gundi haba, wakiomba tusizione, au tuzione na kusamehe. Kicheko kikampanda. Tangu awe mjane alikuwa hacheki mbele za watu. Watu waliita ile busara, naye akaacha waite hivyo. Sasa alicheka mpaka akashikilia ukuta.

Jumapili kanisa lilitulia tuli. Elizabeth, katibu wa kinamama, alisimama.

"Ndaga, asante mama, kwa kutuendea. Je, umeliona pepo?"

"Pepo sikuliona," alisema Angetile. "Nilimwona mzee mmoja asiye na adabu kwa mkamwana wake."

Minong'ono ikapita katika mabenchi. "Uuu! Akamfanyaje?" Elizabeth akauliza, ukatibu umemtoka.

Angetile akafungua kinywa ajibu, kicheko kikamtangulia. Akajiziba mdomo mbele ya madhabahu, mabega yakitikisika, machozi yakimtoka, na wenzake wakimtazama kama mtu waliyempoteza zamani.

"Jumamosi," alisema alipopata pumzi. "Njooni ghalani na kanga pana."